Sindano safi iwe karibu kuliko sindano chafu

Mikelenge, Kindu — Mtoto wa Mikelenge akipelekwa kwenye chanjo, anachomwa kwa sindano ambayo haiwezi kutumika mara ya pili. Muuguzi akimaliza kusukuma dawa, seringi inajifunga yenyewe. Hata mtu akitaka kuivuta tena, haivutiki. Kisha inatupwa ndani ya sanduku gumu la katoni lenye tundu dogo, na sanduku hilo likijaa linapelekwa kuteketezwa. Utaratibu huo haukuanza jana. Mwaka 1999 Shirika la Afya Duniani (OMS), Unicef na UNFPA yalitoa tamko la pamoja kwamba hadi mwisho wa mwaka 2003 chanjo zote zitolewe kwa sindano za namna hiyo.

Miezi michache baadaye mtoto huyohuyo anashikwa na homa usiku. Kituo cha afya kiko mbali, ao mama hana franka za kulipa fishi. Jirani anamjua mtu anayechoma sindano nyumbani. Mtu huyo anakuja na mfuko wake, anatoa chupa ya dawa, anatoa seringi. Mama akiuliza kama ni mpya, anajibiwa: «Mama, usiwe na wasiwasi, nimeipitisha kwenye maji ya moto.» Mtoto analia, anachomwa, mama anatoa alichonacho, na yule mtu anaenda kwenye nyumba nyingine na mfuko uleule.

Sindano mbili kwa mtoto mmoja. Ya kwanza ilimfuata mama mpaka kwenye kartye yake, bila yeye kuulizwa makuta. Ya pili aliitafuta mwenyewe gizani. Ugonjwa ukitaka kuingia, utaingia kwa mlango huo wa pili. Ndiyo sababu mazungumzo juu ya ukimwi, ambao wengi wanauita Sida, hayawezi kuishia kwenye kondomu na uaminifu wa ndoa. Lazima yafike kwenye sindano: nani anaipata ikiwa mpya, nani anaikosa, na ile iliyokwisha kutumika inaenda wapi.

Sindano tano za Yambuku

Congo ilikwisha kulipia somo hili kwa bei kali. Mwaka 1976, kwenye misheni ya Yambuku, upande wa Bumba, hospitali ya watawa ilikuwa inapokea wagonjwa wengi kila siku. Asubuhi wauguzi walikuwa wanapewa sindano tano tu kwa wagonjwa wote wa nje. Kati ya mgonjwa mmoja na mwingine, sindano ilikuwa inasuuzwa katika maji ya uvuguvugu, kisha kazi inaendelea. Ugonjwa ambao baadaye uliitwa Ebola ulipoingia, sindano hizo ziliusambaza nyumba kwa nyumba. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walikufa, na hospitali ikafungwa. Kufungwa kwake kulisaidia kukata njia ya ugonjwa.

Watawa wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanafanya kazi ya huruma pahali ambapo hapakuwa na msaada mwingine. Roho nzuri walikuwa nayo. Kilichokosekana ni sindano ya sita, na ya saba, na ya mia.

Virusi vya ukimwi vilipita kimya zaidi. Damu ya zamani kuliko zote ambayo imethibitishwa kuwa na virusi hivyo ilichukuliwa Kinshasa mwaka 1959, wakati mji ulikuwa ungali unaitwa Léopoldville. Mwaka 2014 watafiti walichapisha katika jarida la Science uchunguzi unaoonyesha kwamba ugonjwa ulianza kuenea kutoka Kinshasa yapata miaka ya 1920, ukisafiri na watu kwa reli na kwa mto. Naye Daktari Jacques Pépin wa Canada, katika kitabu alichokitoa mwaka 2011, anaeleza kwamba kampeni za wakati wa ukoloni za kuchoma watu sindano kwa ajili ya malale na magonjwa mengine, kwa vifaa ambavyo havikusafishwa vizuri, huenda ziliusaidia ugonjwa kusimama na kutembea. Kindu ni mji wa reli na wa mto. Wakaaji wake wanajua jinsi mzigo usioonekana unavyosafiri na abiria.

Msikilizaji anaweza kusema kwamba hayo ni ya zamani. Lakini mwishoni mwa mwaka 2014, katika kijiji cha Roka nchini Kambodia, zaidi ya watu 200 walikutwa na virusi vya ukimwi, wakiwemo wazee na watoto. Mtu mmoja aliyekuwa anatibu bila kibali, na ambaye wanakijiji walimpenda kwa sababu alikuja hata usiku na alikubali deni, alikuwa anarudia sindano. Alihukumiwa kifungo cha miaka 25. Mwaka 2019, katika mji mdogo wa Ratodero nchini Pakistani, zaidi ya watu 900 walikutwa na virusi katika miezi michache. Wengi wao walikuwa watoto wadogo, na wengi wa mama zao hawakuwa na virusi. Hapo pia sindano zilizorudiwa ndizo zilizotajwa kuwa njia kubwa.

OMS ilikadiria kwamba katika mwaka 2010 peke yake, watu wanaofikia 33,800 duniani waliambukizwa virusi vya ukimwi kwa sindano zisizo salama, na wanaofikia milioni 1.7 waliambukizwa homa ya ini ya aina ya B. Shirika hilohilo linasema kwamba sindano 9 kati ya 10 zinazochomwa duniani ni za matibabu, wala si za chanjo. Maana yake, mlango uliofungwa vizuri ni ule mdogo, na ule mkubwa ungali wazi.

Kubadilisha sindano ni nini

Katika miji mingi ya dunia kuna pahali ambapo mtu analeta sindano iliyotumika na kupewa mpya bila kulipa. Haulizwi jina. Haulizwi anaitumia kwa kazi gani. Akitaka kupimwa, anapimwa; akitaka mashauri, anapewa; asipotaka, anaenda zake na sindano safi mfukoni. Kazi hiyo ilianza Amsterdam, Uholanzi, mwaka 1984. Walioianzisha ni wenyewe waliokuwa wanajidunga dawa za kulevya, baada ya farmasi moja kuacha kuwauzia sindano huku homa ya ini ikienea kati yao.

Afrika ya Mashariki inaijua kazi hiyo. Dar es Salaam, upande wa Temeke, shirika la Médecins du Monde lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2010 kugawa sindano safi na kukusanya zilizotumika. Mwezi Februari 2011 hospitali ya taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuondoka kwenye heroini. Kabla ya hapo watafiti walikuwa wamekuta kwamba karibu watu 4 kati ya 10 wanaojidunga katika mji huo walikuwa na virusi vya ukimwi.

Nchini Kenya uchunguzi ulionyesha kwamba kati ya watu wanaojidunga, 18 kwa 100 walikuwa na virusi, wakati kati ya watu wazima wote walikuwa karibu 6 kwa 100. Serikali ilipotangaza mwaka 2012 kwamba sindano zitagawiwa, baadhi ya viongozi wa dini wa Pwani walipinga. Kazi ikaanza hata hivyo, pamoja na mazungumzo marefu na wazee wa dini, na mashirika ya hukohuko kama Reachout Centre Trust ya Mombasa na Omari Project ya Malindi yakawa karibu na vijana hao. Methadoni ilifuata: Nairobi mwishoni mwa mwaka 2014, na Malindi mwaka 2015.

Kisiwa cha Mauritius kilifika kwenye hatari kubwa zaidi. Mwaka 2005, kati ya watu 100 waliokutwa na maambukizi mapya, 92 walikuwa wanajidunga. Mwaka uliofuata nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuruhusu kubadilisha sindano na ikaanza methadoni. Miaka kumi baadaye, waliojidunga walikuwa chini ya nusu ya maambukizi mapya.

Je, sindano za bure zinaongeza watu wanaotumia dawa za kulevya? Swali hilo liliulizwa kwa haki, na lilijibiwa. Mwaka 2004 OMS ilikusanya uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi ikakuta kwamba maambukizi yanapungua, na hakuna dalili ya kusadikisha kwamba matumizi ya dawa za kulevya yanaongezeka. Hata akili ya kawaida inakubali. Hakuna kijana anayeanza heroini kwa sababu ameona sindano. Lakini kijana aliyekwisha kuanza, akikosa sindano yake, atachukua ya mwenzake.

«Hayo ni mambo ya Mombasa»

Hapa ndipo mtu wa Mikelenge anaweza kuinua mkono na kusema: heroini ni ya bandari; hapa shida ya vijana ni lotoko na bangi; kubadilisha sindano kunahusu nini?

Kunahusu kwa sababu virusi havisomi kilichokuwa ndani ya seringi. Iwe heroini, iwe kinini, iwe vitamini, tone la damu linalobaki ndani ya tundu la sindano ni lilelile. Watafiti wamekuta kwamba ndani ya seringi iliyofungiwa damu, virusi vya ukimwi vinaweza kuishi siku nyingi, hata kufika 42, kutegemea joto la pahali. Anayechomwa kwa ajili ya kupona anaambukizwa sawasawa na anayejichoma kwa ajili ya kulewa. Tofauti ni kwamba wa kwanza hajui kwamba yuko hatarini.

Mafunzo ya Temeke na Mombasa kwa komini kama Mikelenge ni matatu, na hakuna hata moja linalohitaji heroini ili liwe kweli.

La kwanza ni kwamba mtu anatumia sindano iliyo karibu. Ikiwa safi iko mbali, ni ya bei ao inaombwa kwa aibu, na chafu iko mkononi, chafu itashinda. Mahubiri hayabadilishi hesabu hiyo.

La pili ni kwamba sindano iliyotumika lazima iwe na pa kurudi. Sindano isiyo na pa kurudi inaishia kwenye mtaro, kwenye takataka nyuma ya soko, ao mikononi mwa watoto wanaocheza mchezo wa dokta. Watu wengi wanaopinga kugawa sindano wanaogopa jambo hilo, nao wana haki ya kuogopa. Lakini mpango wa kubadilisha ndio unaoziokota, kwa sababu unampa mtu sababu ya kurudisha.

La tatu ni kwamba mtu anayefukuzwa hajifunzi. Yule anayechoma watu nyumbani usiku, askari wakimkimbiza, hataacha kazi. Atahamia avenyu nyingine na atachemsha maji haraka zaidi. Jambo hili ni gumu kulisema, kwa kuwa kazi yake ni kinyume cha sheria na wakati mwingine inaua. Hakuna anayeomba apewe diploma. Kinachoombwa ni kwamba, wakati serikali ingali inatafuta namna ya kuleta muuguzi wa kweli karibu na kila kartye, mtu huyo asikose pa kupeleka sindano chafu na pa kupata mpya, na kwamba pahali hapo aambiwe waziwazi ni wagonjwa gani wasiguswe naye bali wapelekwe hospitali mara moja.

Kuna pia wale wasiosemwa kabisa: wagonjwa wa sukari wanaojichoma insulini nyumbani kila siku. Hao hawana kosa lolote, lakini nao hawana pa kutupa. Sanduku moja kwenye kituo cha afya lingewahudumia wote, na ndiyo uzuri wake: mtu akionekana anaelekea kwenye sanduku, jirani hawezi kujua ni wa sukari, ni wa homa ao ni wa dawa za kulevya. Aibu inapungua pahali ambapo mlango ni mmoja kwa wote.

Familia zilizohama

Wale walio karibu zaidi na hatari hii ni familia zilizokimbia vita. Goma ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na mwezi Machi waasi wakaingia Walikale. Watu walitembea kuelekea upande wa Maniema wakibeba watoto na sufuria. Wengine walikuwa wamehama zamani kutoka vijiji vya jimbo hilihili kwa sababu ya vikundi vyenye silaha. Aliyepokelewa na jamaa ana bahati. Mwingine analala pahali popote penye paa.

Mama aliyehama hajui kituo cha afya kiko wapi, hana jamaa wa kumkopesha, na hana uso wa kumuuliza muuzaji maswali mengi. Akiambiwa sindano ya bei nafuu iko nyuma ya nyumba ile, anaenda. Tena, aliyekuwa anakunywa dawa za kupunguza virusi amekimbia bila karatasi zake, na anaogopa kusema kwa wageni kwamba ana ugonjwa. Kwa hiyo virusi vinapanda mwilini mwake huku yeye akichomwa sindano za homa na mtu yuleyule anayewachoma majirani.

Pamoja na hayo, wahami wanabeba mzigo wa maneno. Pahali pengi wageni wanapofika, watu wanaanza kusema: «Hao ndio wanatuletea magonjwa.» Maneno hayo yana hatari mbili. Yanamfanya mgonjwa ajifiche, na yanamfanya mwenyeji ajione yuko salama, wakati sindano moja inazunguka katika nyumba zao wote wawili. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za watu wanaoishi na virusi vya ukimwi na inakataza kuwabagua. Shefu wa kartye anayesikia maneno ya namna hiyo barazani pake ana neno la kusema, na sheria iko nyuma yake.

Pesa zitoke wapi?

Swali la pesa ni la kweli. Tarehe 20 Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tangu hapo kazi nyingi za afya katika Afrika zimetikisika. Mtu anaweza kusema kwamba huu si wakati wa kuongeza mpango mwingine.

Ukweli ni kinyume. Misaada ikipungua, jambo la kwanza la kulinda ni lile linalozuia ugonjwa kwa gharama ndogo. Seringi moja ni kitu kidogo kuliko vyote katika farmasi. Mtu mmoja akiambukizwa, atahitaji dawa kila siku mpaka mwisho wa maisha yake, pamoja na vipimo, pamoja na safari za kituoni. Nchi ambayo haina uhakika wa kununua dawa hizo kesho haina ruhusa ya kuzembea na sindano leo.

Tena sehemu kubwa ya kazi imekwisha kuwepo. Masanduku ya sindano yanakuja na chanjo. Wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaoitwa RECO, wanatembea nyumba kwa nyumba na wanajua nani anachoma nani. Makanisa na misikiti yana vipaza sauti. Redio zinasikilizwa mpaka ng'ambo ya Alunguli. Kinachokosekana ni uamuzi wa kuviunganisha.

Uamuzi huo una wenyewe. Zone ya afya inaweza kuamua kwamba kila kituo cha Mikelenge kiwe na sanduku linalopokea sindano za nje, za mtu yeyote, saa yoyote ya kazi, na kwamba anayeleta iliyotumika anapata mpya bila kuandikwa jina. Divisheni ya afya ya jimbo pamoja na PNMLS, ambayo ndiyo yenye kazi ya kuunganisha vita dhidi ya ukimwi katika nchi, wanaweza kuweka seringi katika maombi yao kwa wafadhili kama wanavyoweka kondomu na vipimo. Mashirika yanayosaidia wahami, wanapogawa sabuni na maturubai, wanaweza kuleta sanduku pia na kumweka mtu wa kulitunza. Uongozi wa komini unaweza kukaa na wenye farmasi na kukubaliana nao kwamba chupa ya dawa ya kuchoma isitoke dukani bila seringi mpya ndani ya karatasi yake. Mwenye farmasi hapotezi kitu kwa kufanya hivyo.

Na kwa waganga na wauguzi kuna ombi moja zaidi: sindano zipunguzwe. Watu wengi wanaamini kwamba dawa isiyouma haiponyi, na kuna watibabu wanaowafuata kwa sababu sindano inalipa kuliko kidonge. Malaria isiyo kali inatibiwa kwa vidonge, na vinaponya. Sindano ni ya malaria kali, ya mtoto anayetapika kila kitu, ya anayepoteza fahamu. Na huyo pahali pake ni hospitalini. Sindano ambayo haikuchomwa haimwambukizi mtu.

Wakati wa kungojea

Uamuzi wa wakubwa unaweza kuchelewa, na homa haingojei. Kuna mambo ambayo familia inaweza kuyafanya leo.

Sindano ifunguliwe mbele ya macho ya mgonjwa. Karatasi ipasuke akiona. Kama seringi imetoka mfukoni ikiwa wazi, mama ana haki ya kukataa, hata kama aliyemleta ni jamaa, hata kama ni usiku. Kuipitisha kwenye maji ya moto hakutoshi. Seringi za plastiki zimetengenezwa kwa mtu mmoja, mara moja.

Iliyotumika isirudishwe kifuniko kwa vidole, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapojidunga. Itiwe ndani ya chombo kigumu chenye kifuniko, kama kopo ao dumu dogo la plastiki, kiwekwe juu ambapo mtoto hafiki, na kikijaa kipelekwe kwenye kituo cha afya. Mtoto akiokota sindano njiani, asipigwe. Afundishwe kumwita mtu mzima.

Mtu akijidunga kwa sindano ya mwingine, aoshe pahali hapo kwa maji mengi na sabuni, asiminye wala kunyonya kidonda, na aende haraka kwenye kituo cha afya. Kuna dawa zinazoweza kuzuia virusi visishike, lakini lazima zianzwe kabla ya saa 72 kupita, na zinakunywewa siku 28. Dawa hizo ndizo zinazomhusu pia mwanamke ao mtoto aliyebakwa, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Jambo hili lisemwe katika kila kambi na katika kila nyumba inayopokea wahami, kwa sababu wengi wanalijua wakati saa zimekwisha.

Na aliyeacha dawa zake Goma, Bukavu ao kijijini, aende aseme kwa muuguzi bila kungojea karatasi. Ugonjwa wake si siri ya kartye. Ni habari kati yake na muuguzi, na muuguzi hana ruhusa ya kuitoa nje.

Hayo yote yatasaidia, lakini hayatoshi bila sanduku na bila seringi ya bure. Mama wa Mikelenge anaweza kukataa sindano chafu ikiwa tu kuna safi ya kumwonyesha mtoto anayewaka moto. Akikataa na hakuna nyingine, atakubali, na hakuna mtu mwenye haki ya kumlaumu. Viongozi wa afya wa Kindu wanaweza kuamua kwamba usiku huo nyumba yake haitakosa sindano ambayo karatasi yake haijapasuka.